Kamera Chini ya Meza ya Chai

Katika kampuni ile ya kupiga picha vyuma, hakuna kilichokuwa na afya njema kama beji. Watu walikohoa, waliumwa migongo, walivimba miguu, lakini beji zilining'inia ukutani kwenye misumari yake, safi, kavu, zimetulia kama wageni wa heshima. Kila asubuhi mafundi waliingia ofisini, wakanywa chai, wakachukua helmeti na glavu, wakapita mbele ya beji zao bila hata kuziaga, wakaenda kwenye mionzi. Beji hazikwenda kwenye mionzi. Beji zilibaki na Mama Chai.

Beji yenyewe ni kitu kidogo cha plastiki, cha kubana kifuani. Kazi yake ni kula mionzi pamoja na mwenye nayo, ili mwisho wa mwezi ipelekwe maabara ya serikali, wataalamu waisome, waseme: huyu amekula kidogo, aendelee, yule amezidisha, aondolewe uwanjani akapumzike. Sasa nani alitaka kupumzishwa? Kazi ya uwanjani ilikuwa na posho. Kazi ya ofisini ilikuwa na kiti. Basi mafundi wakakubaliana bila kikao kwamba beji zisichafuliwe, na meneja naye akakubali kwa njia yake, yaani kwa kutazama pembeni. Majibu ya maabara yakawa yanarudi mazuri hadi yanatia aibu. Kwa mujibu wa beji, mafundi wale walikuwa wanafanya kazi ya kulea watoto.

Mama Chai ndiye aliyezifuta vumbi. Alikuwa mhudumu wa ofisi: alifagia, alipokea simu, alichemsha chai na kuiweka tayari kwenye meza iliyosimama chini ya ile misumari. Yeye hakuwa na beji. Beji ni za watu wa mionzi, na yeye alikuwa mtu wa majani na sukari.

Kabla ya hapo alifua mashuka katika nyumba ya wageni, amesimama kwenye sakafu yenye maji tangu msichana hadi miguu yake ikaanza kuvimba kila ifikapo mchana. Mume alikuwa naye zamani. Alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akaipata, akapata na mwanamke wa kumpikia huko ili kazi isimchoshe. Mama Chai akabaki na binti yake na mdogo wake wa kiume, ambaye mama yao alimwachia akiwa bado anajifunga kamba za viatu kwa kulia. Wote wawili aliwalea kwa maji ya sabuni. Binti akawa fundi cherehani. Mdogo wake akasomea mambo ya vyuma, kisha akaenda kozi ya mionzi, kozi fupi kiasi kwamba shati aliloazima kwa ajili yake alilirudisha bila kulifua. Kutoka hapo wenzake wakaanza kumwita Injinia. Mwanzoni walikuwa wanamtania. Shida ni kwamba alianza kuitika.

Ndiye aliyemtafutia dada yake kazi ile.

"Dada, nimekupatia kazi ya kukaa," alimwambia.

"Kazi ya kukaa ipo kweli, au ni ya kwenye ndoto?"

"Ipo. Umesimama vya kutosha maisha yako. Utakuwa na meza yako na kigoda chako."

Mama Chai alilia kidogo siku ile, ingawa alisema ni vitunguu.

Hadi hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Ndipo ikaja siku ya kamera.

Kamera yenyewe usidhani ni ya harusi. Ni boksi la chuma, zito, la njano, lenye mpini juu. Ndani yake kuna kipande kidogo kama punje ya mchele, na hiyo punje ndiyo inayotoa mionzi. Fundi akifika kwenye bomba lililochomelewa anasimama mbali, anazungusha mpini wa waya, punje inatoka ndani ya boksi, inapita kwenye mpira hadi kwenye bomba, inapiga picha kuona kama pale palipochomelewa pana ufa. Kisha anazungusha kinyume, punje inarudi ndani, boksi linafungwa. Punje ikiwa ndani kabisa, boksi ni boksi tu, unaweza kulipita. Isiporudi yote, boksi hilo ni moto usioonekana.

Na ili mtu ajue kama imerudi, kuna kipimo cha mkononi kinacholia. Kipimo cha kampuni kilikuwa kizuri, cha kisasa, hakikuwa na kasoro yoyote ila kwamba hakikuwa na betri. Betri zake zilihamishiwa kwenye rimoti ya televisheni ya meneja wakati wa mashindano ya mpira. Mashindano yalipokwisha hakuna aliyezirudisha, maana rimoti ilikuwa imeshazizoea.

Siku hiyo Injinia alirudi kutoka uwanjani jua likiwa kali. Waya ulikuwa umemsumbua, ulikwama njiani, akausukuma kwa nguvu. Kufuli la boksi likagoma, likagoma tena, halafu likakubali, au likafanya kama limekubali. Stoo ya kamera ilikuwa nyuma ya jengo, chumba kinene cha zege chenye mlango wa chuma. Ufunguo wake alikuwa nao meneja. Meneja alikuwa ameondoka nao kwenda kwenye semina ya usalama kazini.

"Dada, naiweka hapa chini ya meza yako," Injinia alisema huku akiinama. "Meneja akirudi tutaipeleka stoo."

"Haitaniuma?"

"Dada bwana! Ingekuwa inauma, ningeibeba mkononi?"

Hoja ilikuwa nzito, imetoka kwa mtu mwenye cheti. Mama Chai akaridhika.

Meneja alirudi kutoka semina akiwa na kofia, kikombe na mkoba, vyote vimeandikwa maneno ya usalama. Ufunguo ulibaki mfukoni mwa suruali aliyoivua. Kazi ya mabomba ilikuwa imepungua kwa sababu ya mvua, na kamera ya pili, iliyokuwa inalala uwanjani, ilitosha, kwa hiyo ile ya chini ya meza hakuna aliyeiulizia. Ikawa sehemu ya samani. Mama Chai alianika kitambaa cha vyombo juu yake. Halafu akagundua kwamba chuma chake ni baridi, na mchana, mguu wa kulia ukianza kuvimba, alikuwa akivua kiatu, anaisogeza kamera karibu na kigoda, anaegemeza shavu la mguu kwenye boksi, anafumba macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, mguu ulipata pa kupumzikia. Alimsifia mdogo wake hata kwa majirani.

Kilianza kichefuchefu. Asubuhi moja alitapika kabla hajavaa, binti yake akasimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni.

"Mama, ninapata mdogo?"

"Kwa nani, kwa birika?"

Wakacheka, kikapita. Kisha shavu la mguu likaanza kuwasha, likawa jekundu, na ule wekundu ukatulia palepale kama umechorwa. Baada ya muda ngozi ikainuka malengelenge. Mama Chai akaenda zahanati ya karibu, akapokewa na muuguzi aliyekuwa na haraka.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nachemsha chai ofisini."

"Basi umeungua chai."

"Sijamwagikiwa na chai, mwanangu."

"Watu husahau." Akampaka dawa, akamfunga bandeji, akampa na mawaidha kwamba birika lishikwe kwa kitambaa. Mama Chai, aliyekuwa akishika mabirika tangu muuguzi yule hajazaliwa, akashukuru.

Lakini binti yake hakuridhika. "Kuungua gani huku kunakokuja polepole? Moto huwa hauna adabu hivyo. Muonyeshe anko."

Akamwonyesha. Ilikuwa mchana, mafundi wametoka, dada na mdogo wake peke yao ofisini. Mama Chai alikunjua bandeji akiwa kwenye kigoda, mguu akaunyoosha kama alivyozoea, na shavu la mguu likaenda lenyewe kukaa kwenye boksi. Injinia aliutazama mguu. Akalitazama boksi.

"Ni aleji," alisema. "Sabuni. Umefua sana zamani."

"Aleji ya zamani inakuja leo?"

"Aleji ziko hivyo, dada."

Akalisukuma boksi kwa kiatu hadi ukutani kabisa, akatoka nje, hakunywa hata chai. Mama Chai akabaki anatazama mlango. Alimlea yule tangu hana meno ya mbele. Aliijua sura yake akisema uongo kuliko alivyoijua yake mwenyewe.

Mwisho wa mwezi beji zilikwenda maabara kama kawaida yao. Safari hii hazikurudi. Kilichokuja ni gari la serikali, na ndani yake mkaguzi, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na sauti ya chini. Alishuka na kipimo mkononi. Kipimo chake kilikuwa na betri. Alipokanyaga tu kizingiti cha ofisi kikaanza kulia, si kulia kwa kubipu, bali kulia kwa msiba.

"Wote nje," alisema. "Sasa hivi."

Walitoka wote hadi uani, hata meneja, akiwa na kikombe chake cha semina. Mkaguzi na msaidizi wake walifanya kazi yao haraka: wakalisogeza boksi kwa vifaa virefu, wakalifunika kwa mablanketi mazito ya madini ya risasi, ufunguo wa stoo ukapatikana, boksi likaingizwa kwenye zege lake. Kisha mkaguzi akarudi uani akijifuta jasho.

"Beji zenu zinasema nyote mmeungua," alisema. "Na aliyeungua kuliko wote ni nani hapa?" Akasoma jina kwenye karatasi ya maabara.

Fundi mmoja akasogea mbele. Wenzake walimwita Bwana Harusi, kwa sababu alikuwa ametoka kuoa, na mwezi ule wote alikuwa likizo ya ndoa.

"Ulikuwa kazini?" mkaguzi akamuuliza.

"Nilikuwa likizo, mama."

"Na beji yako?"

Bwana Harusi alitazama wenzake. Wenzake walitazama paa la ofisi, ambalo ghafla lilikuwa linapendeza.

"Nilikwenda nayo."

"Harusini?"

"Niliivaa ndani ya koti."

Mtu mmoja akashindwa, akacheka kwa puani. Meneja akaingilia kati: "Ni kijana anayependa sana kazi yake."

Mkaguzi hakucheka. "Nisikilizeni vizuri. Kama beji zilikuwa uwanjani, basi walioungua ni mafundi, na gari hili litawachukua kwenda hospitali kuu leo hii, kuna madaktari wanasubiri. Kama beji zilikuwa humu ndani, basi aliyeungua ni mtu anayekaa humu ndani, na tunapoteza wakati na watu wenye afya zao. Humu anakaa nani?"

"Hakuna mtu wa mionzi," meneja akajibu haraka. "Mafundi wangu huvaa beji kazini. Ni kanuni yetu."

Haukuwa uongo. Kanuni ilikuwepo, ya rangi mbili, kwenye fremu.

Mama Chai alikuwa amesimama karibu na geti na mkoba wake. Meneja alishamwambia aende nyumbani, maana leo hakuna chai, na alimwambia kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao. Injinia alimfuata pale getini, akasema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwa mkaguzi.

"Dada, nenda tu nyumbani. Usiseme kitu. Kesho mimi mwenyewe nitakupeleka kwa daktari."

"Daktari gani?"

"Yeyote. Wa nje."

"Wa nje nimeshamwona. Alinitibu chai."

"Ukisema beji zilikuwa ukutani, nanyang'anywa leseni. Si mimi tu, wote. Na wakijua ni mimi niliyeliweka lile boksi... Nina watoto, dada."

"Na mimi nina mguu. Ulijua?"

Injinia alirekebisha kamba ya helmeti yake.

"Siku ile nilipokuonyesha, ulijua?"

"Sikuwa na hakika."

"Ndiyo maana ulilisukuma kwa kiatu."

Mafundi walikuwa wanapanda gari la mkaguzi mmoja mmoja, wazima kama vinu, wanapishana na kutaniana nani akae dirishani. Bwana Harusi alikaa mbele kama mgonjwa mkuu. Mama Chai aliutazama mlango wa gari ukisogezwa. Mguu ulikuwa unamuuma sasa hadi kwenye nyonga, maumivu ya ndani, ya kuchimba, na alielewa kitu kimoja tu kati ya yote yaliyosemwa uani: kwamba madaktari wanaoujua ugonjwa wake wako mwisho wa safari ya gari lile, na gari linaondoka bila yeye. Alikuwa amempisha mdogo wake kwenye sahani, kwenye godoro, kwenye karo. Alijaribu kumpisha na hapa. Mguu ukakataa.

Akaenda hadi kwenye gari, anachechemea, akaushika mlango.

"Mama mkaguzi, samahani. Hiyo beji haikwenda harusini."

Meneja akaja mbio. "Huyu ni mhudumu tu, hajui mambo ya—"

"Nilikuwa naifuta vumbi," Mama Chai akaendelea. "Zote nilikuwa nazifuta. Hii ya Bwana Harusi ndiyo inayoning'inia karibu zaidi na meza yangu." Akainua upindo wa gauni, akafungua bandeji. Bwana Harusi akajitupa nje ya kiti cha mbele kana kwamba kimeshika moto.

Mkaguzi aliinama, akautazama mguu bila kuugusa. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa chini zaidi.

"Ulikuwa unakaa karibu nalo kiasi gani?"

"Nilikuwa nauegemeza mguu. Lilikuwa baridi."

"Tangu lini? Nahitaji kujua tangu lini, mama, na lilifungwaje lilipoletwa. Daktari hawezi kujua amkate mtu wapi na amwache wapi kama hatujui hilo. Nani aliliweka pale?"

Kikombe cha meneja kilitulia mkononi.

"Mimi ndiye niliyekaa nalo," alisema Mama Chai. "Aliyelileta yupo hapa, na mdomo anao. Nilimfundisha mimi kuutumia."

Hakumtazama mtu. Injinia alisimama pale getini amejishika viganja, kijana mkubwa mwenye helmeti, na kwa muda ilionekana kama angetoka nje na kwenda zake, kwa maana geti lilikuwa wazi. Meneja alikohoa kikohozi cha kumkumbusha leseni. Injinia akaivua helmeti.

"Ni mimi," alisema. Alitaja siku aliyolileta. "Waya ulikwama, nikaulazimisha. Kufuli halikushika sawasawa. Sikupima, kipimo hakina betri. Na beji..." Akawatazama wenzake, wote wakimwomba kwa macho. "Beji zinakaa ukutani. Hazijawahi kwenda popote. Huyu ni dada yangu. Nilipouona mguu wake nilijua, na nikamwambia ni sabuni."

Wakamkalisha Mama Chai mbele. Injinia alipandishwa nyuma, maana na yeye alikuwa amelibeba boksi lile kwa mkono. Mafundi wengine waliambiwa waende kwa miguu hadi kituo cha afya cha jirani kutolewa damu, na wakaenda, bila ya ubishi wa dirisha.

Hospitali kuu walimchukua damu asubuhi na jioni. Daktari mmoja mzee alimweleza bila kumzungusha: damu yake imeshuka lakini itapanda, mguu ndio ulio na deni la kulipa, maana mionzi inaunguza ndani kabla ya nje. Angekaa nyumbani na dawa ya kupaka, wangekuja kuutoa wote. Sasa watatoa nyama iliyokufa, na kuziba kwa ngozi ya paja.

"Paja halikufanya kosa lolote," Mama Chai alisema.

"Ndiyo maana tunaliamini," daktari akajibu.

Kampuni ilifungwa mlango kwa amri ya serikali. Meneja alikuja hospitali kumpa pole, akaja na matunda na mpiga picha, huyu wa kamera ya kawaida. Alisema kampuni ni familia moja na imejifunza mengi. Binti yake Mama Chai alikuwa pale anatengeneza mto. Akapokea matunda, akamwomba mpiga picha asimame nje, na meneja akajikuta naye yuko nje.

Injinia hakuja siku za kwanza. Alipokuja, ngozi mpya ilikuwa imeshapandikizwa na kushika. Alisimama mlangoni mwa wodi na plasta kwenye kidole gumba cha ule mkono aliobebea boksi.

"Ingia," dada yake alisema. "Au umeambiwa naambukiza?"

Aliingia, akaketi mbali kidogo. Walitazamana kama watu waliokutana kwenye foleni.

"Wamenifutia leseni," alisema hatimaye.

"Nimesikia."

"Wenzangu hawaniamkii. Mmoja amesema niliwauza."

"Uliwauza kwa bei nzuri. Mguu mzima."

"Dada, hata pole hunipi?"

"Nipe wewe kwanza. Ikibaki nitakurudishia."

Alikuna plasta yake. Kisha akasema, na hakusema kama Injinia, alisema kama yule wa kamba za viatu: "Pole, dada. Si kwa ajili ya boksi. Boksi sikujua. Kwa ajili ya sabuni."

Mama Chai alitazama dirishani. Hakusema yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha, na hakuona haja ya kumdanganya mgonjwa mwenzake. Lakini daktari alikuwa amesema siku hiyo aanze kuukanyaga mguu, hata kama ni hatua chache hadi kwenye mlango wa veranda, na binti yake alikuwa amekwenda kushona nguo za watu.

"Njoo huku," alisema. "Nishike. Si hapo, huko ndiko walikotoa ngozi. Huku."

Alimshika chini ya bega. Mama Chai akateremsha mguu sakafuni, akauma meno, akasimama. Jasho lilimtoka usoni.

"Unauma?" mdogo wake akauliza.

"Unauma sana," alisema, na akamwegemea kwa uzito wake wote, hakujipunguza hata kidogo.